Kusakinisha Seva ya Linux na Kuiwekea Ngome ya Mtandao Siku Ileile

Cyber nyingi za Nairobi, kuanzia Ngara na River Road hadi Umoja na Kawangware, haziishi tena kwa kuuza dakika za intaneti. Wateja huja kutafuta huduma za eCitizen, kuwasilisha ritani za KRA kupitia iTax, kuskani vitambulisho na kuchapisha barua za kuomba kazi, na jioni duka linapofungwa nakala za nyaraka hizo hubaki zimetapakaa katika kompyuta za kaunta. Mwenye duka anapoamua kuziweka zote katika seva moja ya Linux anakuwa ameamua vyema, lakini pia anakuwa amekusanya mahali pamoja kila kitu ambacho mwizi wa utambulisho angekihitaji. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kusakinisha seva kama hiyo, kuipangia mtandao na kuiwekea ngome, yaani faiawoli, kabla haijapokea faili ya mteja hata mmoja. Mfano wetu ni cyber, ila hatua zilezile zinafaa kliniki, shule au ofisi ya sacco.

Jambo ninalolisisitiza ni utaratibu wa kazi, kitu gani kitangulie na kipi kifuate. Mafundi wengi husakinisha mfumo, wakasakinisha huduma, kisha wakaahidi kurudi kuweka ngome, na siku hiyo ya kurudi haifiki kwa sababu duka limeshaanza kazi na kila mabadiliko yanawakera wateja. Ngome ikitangulia, kila huduma inayoongezwa baadaye hulazimika kuombewa ruhusa, na anayeiomba hulazimika kusema ni nani anayeihitaji na kutoka wapi.

Nimetumia Ubuntu Server 24.04 LTS, toleo la Aprili 2024 ambalo hupata masasisho ya usalama kwa miaka 5 bila malipo. Wanaotumia Rocky Linux au AlmaLinux wana sehemu yao mbele kidogo.

Anza na karatasi

Kabla ya kuwasha mashine, chora mtandao wa duka na uandike chini yake huduma ambazo seva itatoa. Tuseme ruta ina anwani 192.168.10.1, kompyuta za kaunta na ile ya meneja ziko katika mtandao wa 192.168.10.0/24, yaani anwani zote zinazoanza na 192.168.10, na seva itapewa 192.168.10.5. Kompyuta zinazotumiwa na wateja, pamoja na Wi-Fi yao, ziwe katika mtandao tofauti kabisa, kwa mfano 192.168.20.0/24. Utengano huu ndio kinga ya kwanza na ndio unaopuuzwa zaidi. Mteja aliyeketi kwenye kompyuta namba 6 akiwa na flashi yenye virusi hapaswi kuwa katika mtandao mmoja na seva yenye vitambulisho vya watu. Ruta nyingi zinazotolewa na kampuni za intaneti zina mpangilio wa mtandao wa wageni unaotenganisha Wi-Fi pekee. Ukihitaji kutenganisha na nyaya pia, tafuta ruta au swichi inayoweza kugawa mitandao kwa VLAN, yaani kuufanya waya mmoja ubebe mitandao iliyotengana, nazo zinapatikana katika maduka ya Luthuli Avenue, mpya na zilizotumika.

Chini ya mchoro andika mistari michache. SSH, yaani njia ya kuingia kwenye seva kupitia mtandao, mlango (port) namba 22, kwa ajili ya fundi, kutoka mtandao wa wafanyakazi pekee. Kushiriki faili kwa Samba, mlango namba 445, kwa ajili ya kaunta, kutoka mtandao huohuo. Hakuna kingine. Karatasi hii ndiyo itakayozaa kanuni za ngome, kwa hiyo usiandike huduma ambayo hakuna anayeitaka leo.

Ikiwa mwenye duka anataka kufikia seva akiwa nyumbani, angalia kwanza anwani ambayo ruta imepewa upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, basi kampuni ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na hakuna muunganisho wa IPv4 utakaoanzia nje na kukufikia hata ukifungua milango yote ya ruta. Utahitaji kuomba anwani ya umma isiyobadilika au kukodi seva ndogo kwingine na kuunganisha pande zote mbili kwa WireGuard, programu ya VPN. Hali hiyo isikupe utulivu wa bure, kwa maana shambulio linaweza kutoka ndani ya duka lenyewe, na IPv6, aina mpya ya anwani za intaneti nitakayoieleza baadaye, haifichwi kwa njia hiyo.

Hakiki nakala unayosakinisha

Ni jambo la kawaida mjini kupokea nakala ya mfumo kwenye flashi ya rafiki ili kuokoa bando. Hakuna ubaya, mradi uihakiki. Pakua faili ndogo ya SHA256SUMS moja kwa moja kutoka tovuti ya Ubuntu, iweke katika folda moja na nakala uliyopewa, kisha utoe amri hii:

sha256sum -c SHA256SUMS --ignore-missing

Jibu likiwa OK, nakala yako inalingana na ile iliyotolewa na wenyewe. Likiwa FAILED, usiitumie kwa vyovyote, kwa kuwa mfumo uliochezewa kabla ya kusakinishwa hauwezi kulindwa na ngome yoyote.

Mtandao wakati wa kusakinisha

Chomeka seva nyuma ya ruta ya duka, kamwe si moja kwa moja kwenye waya wenye anwani ya umma. Roboti zinazozunguka intaneti zikijaribu mlango namba 22 hazikawii kugundua anwani mpya, na mfumo ambao haujasasishwa haupaswi kukutana nazo.

Programu ya usakinishaji itafika kwenye ukurasa wa mtandao na kuonyesha kadi iliyopatikana, kwa jina kama enp3s0, pamoja na anwani iliyopewa na ruta kwa DHCP. Chagua kadi hiyo, ingia kuhariri IPv4, badilisha iwe Manual, kisha ujaze: kwenye Subnet andika 192.168.10.0/24, kwenye Address 192.168.10.5, kwenye Gateway 192.168.10.1, na kwenye Name servers anwani ya ruta ikifuatwa na nyingine ya akiba kama 9.9.9.9. Hakikisha 192.168.10.5 iko nje ya kundi la anwani ambazo ruta hugawa yenyewe, la sivyo siku moja simu ya mfanyakazi itapewa anwani ya seva na nusu ya duka itapoteza faili bila sababu inayoonekana. Anwani isiyobadilika ina faida kwa usalama pia, maana kanuni za ngome huandikwa kwa anwani, na anwani inayohamahama huzifanya kanuni hizo ziwe na mashaka.

Ukurasa wa proksi uache wazi ikiwa duka halina proksi. Kwenye ukurasa wa diski utaulizwa kama unataka kusimba diski nzima kwa LUKS, yaani kuifanya isisomeke bila nenosiri. Ninaipendekeza kwa seva yenye nyaraka za watu, kwa sababu wezi wa duka huondoka na mashine nzima. Hata hivyo, ifahamike kwamba kila mashine inapowaka upya itasubiri mtu aandike nenosiri la diski, na stima ikipotea usiku seva itabaki imesubiri hadi asubuhi. UPS ndogo hupunguza usumbufu huo.

Unapofungua akaunti, epuka majina yanayokisiwa kirahisi kama admin; katika mfano wetu jina ni fundi. Kwenye ukurasa wa SSH weka alama ya kusakinisha OpenSSH. Ukurasa unaofuata huorodhesha programu za ziada kama Docker na Nextcloud. Usichague hata moja. Kila programu utakayoiongeza iongezwe baada ya ngome kusimama.

Ngome kabla ya kitu kingine

Mashine ikiwaka upya, ingia ukiwa umeketi mbele yake, kwa kibodi na skrini yake. Ubuntu huja na ufw, programu yake ya ngome, ikiwa imesakinishwa lakini haijawashwa, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kudhani kuwa kilichomo ndani ya mfumo tayari kinafanya kazi. Uliza kwanza:

sudo ufw status

Jibu litakuwa inactive. Sasa weka msimamo wa msingi, kisha ruhusu SSH kutoka mtandao wa wafanyakazi, kisha ndipo uwashe:

sudo ufw default deny incoming
sudo ufw default allow outgoing
sudo ufw limit from 192.168.10.0/24 to any port 22 proto tcp
sudo ufw enable

Mpangilio huo una sababu yake. Ukiwasha ngome kabla ya kuruhusu SSH ilhali umeingia kupitia mtandao, unaweza kujifungia nje, na ndiyo maana ufw hukuonya na kukuuliza kama uendelee. Neno limit lililo kwenye mstari wa tatu linaruhusu muunganisho lakini linakataa anwani iliyojaribu kuunganisha mara 6 au zaidi ndani ya sekunde 30, jambo linalotosha kuvunja kasi ya programu zinazokisia nenosiri.

Huenda ukajiuliza majibu ya masasisho yatarudije ikiwa kila kinachoingia kimekataliwa. Ngome hii hukumbuka mazungumzo yaliyoanzishwa kutoka ndani, kama askari wa geti la ploti anayemjua mpangaji aliyetoka asubuhi na kumfungulia anaporudi bila kumhoji, huku mgeni asiyetajwa na yeyote akibaki nje. Kwa hiyo huhitaji kufungua mlango wowote ili seva ipakue vitu vyake.

Ikiwa seva yako haiko dukani bali ni ya kukodi katika kituo cha data, na huna kibodi yake, jiwekee njia ya kujiokoa kabla ya kuwasha ngome. Amri hii hupanga ngome izimwe baada ya dakika 10:

sudo systemd-run --unit=okoa --on-active=10min /usr/sbin/ufw disable

Baada ya hapo washa ngome, fungua dirisha jingine la terminali, na ujaribu kuingia upya kwa SSH. Ukifanikiwa, futa mpango huo wa dharura kwa amri ya sudo systemctl stop okoa.timer. Ukishindwa, subiri dakika zitimie, uingie, urekebishe. Kumbuka tu kwamba kwa seva ya kukodi kanuni ya 192.168.10.0/24 haina maana. Utaandika anwani ya umma ya ofisi, au uache SSH wazi kwa limit huku ukitegemea funguo.

Ngome ikishasimama ndipo usasishe mfumo na kurekebisha saa, kwa kuwa kumbukumbu zenye saa isiyo ya hapa huchanganya uchunguzi wakati wa tatizo:

sudo apt update && sudo apt full-upgrade
sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi

Kuhariri mtandao bila kujikata

Mipangilio uliyoiandika wakati wa kusakinisha imehifadhiwa katika folda ya /etc/netplan. Ndani ya faili iliyomo utaona maandishi ya namna hii:

network:
  version: 2
  ethernets:
    enp3s0:
      dhcp4: false
      addresses:
        - 192.168.10.5/24
      routes:
        - to: default
          via: 192.168.10.1
      nameservers:
        addresses: [192.168.10.1, 9.9.9.9]

Nafasi za mwanzo wa mstari zina maana, na lazima ziwe nafasi za kawaida, kamwe si za kitufe cha Tab. Miongozo ya zamani hutumia neno gateway4 badala ya sehemu ya routes. Neno hilo limeachwa, kwa hiyo usilinakili. Unapobadilisha chochote, usikimbilie netplan apply. Tumia sudo netplan try, ambayo huweka mipangilio mipya na kusubiri uithibitishe kwa muda wa sekunde 120. Usipobonyeza Enter, kwa mfano kwa sababu muunganisho wako umekatika, mipangilio ya zamani hurudi yenyewe. Mwisho, zuia watumiaji wengine wasisome faili hizo kwa sudo chmod 600 /etc/netplan/*.yaml.

Nani anasikiliza?

Ngome huzuia mlango, lakini huduma isiyohitajika ni bora izimwe kuliko kufichwa nyuma ya ngome, kwa sababu siku ngome itakapozimwa kwa bahati mbaya huduma hiyo itakuwa wazi. Amri ya kuchunguza ni hii:

sudo ss -tulpn

Soma safu ya anwani ya hapa, inayoandikwa Local Address:Port. Inayoanza na 127.0.0.1, au 127.0.0.53 ambayo ni huduma ya mfumo ya kutafuta majina, inasikiliza ndani ya mashine pekee na haikuhusu kwa sasa. Inayoanza na 0.0.0.0 au [::] inasikiliza kila upande, na kila mstari wa aina hiyo lazima uwe na mwenzake kwenye karatasi yako. Kwenye mfumo mpya utakuta mlango namba 22 na pengine hakuna kingine.

Sasa sakinisha Samba kwa sudo apt install samba, kisha urudie amri ileile ya ss. Mbali na 445 utaona 139, pamoja na 137 na 138 za UDP, ambazo ni za nmbd, huduma ya zamani ya kutangaza majina ya kompyuta. Windows za leo hufika kwenye seva kwa anwani kupitia 445 bila kuihitaji, kwa hiyo izime na ufungue mlango mmoja tu:

sudo systemctl disable --now nmbd
sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 445 proto tcp comment 'faili za kaunta'

Maneno ya comment huonekana unapoorodhesha kanuni, na fundi atakayekuja baada yako atakushukuru. Kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini na ya kwanza kulingana ndiyo hutumika, kwa hiyo ukitaka kukataa kompyuta moja ndani ya mtandao ulioruhusiwa, kanuni yake iingizwe juu kwa ufw insert 1, si kuongezwa mwishoni ambako haitafikiwa kamwe. Kuona nambari za kanuni tumia sudo ufw status numbered, na kufuta tumia sudo ufw delete pamoja na nambari. Baada ya kufuta moja, nambari zilizobaki husogea. Orodhesha upya kabla ya kufuta nyingine.

IPv6 isisahaulike

Kampuni yako ya intaneti ikitoa IPv6, kila mashine ya dukani inaweza kupata anwani ya umma yake yenyewe, na ule ulinzi wa bahati ambao watu hudhani wanaupata kwa kuwa nyuma ya anwani moja ya ruta unatoweka. Angalia kwa ip -6 addr kama kuna anwani inayoanza na 2 au 3. Katika faili ya /etc/default/ufw hakikisha mstari wa IPV6=yes upo, ili msimamo wa kukataa utumike pande zote mbili. Wapo wanaoshauri kuzuia ICMP yote, yaani ujumbe ambao mashine hutumiana kuarifiana hali ya mtandao, kwa jina la usalama. Usifanye hivyo, kwa maana IPv6 hutegemea ICMPv6 kutafuta majirani na ruta, na ukiizuia mtandao huo hufa. Kanuni za awali za ufw tayari huruhusu zile zinazohitajika.

SSH kwa ufunguo

Nenosiri huweza kukisiwa, kuchunguliwa begani au kuandikwa nyuma ya kibodi. Tengeneza ufunguo kwenye kompyuta ya meneja, uulinde kwa nenosiri lake, kisha upeleke nusu yake ya umma kwenye seva:

ssh-keygen -t ed25519
ssh-copy-id fundi@192.168.10.5

Ukishathibitisha kwamba unaingia kwa ufunguo, unda kwenye seva faili ya /etc/ssh/sshd_config.d/10-ofisi.conf yenye mistari hii:

PermitRootLogin no
PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no
AllowUsers fundi

Jina la faili linaanza na 10 kwa makusudi. SSH husoma faili za folda hiyo kwa mpangilio wa majina na, tofauti na programu nyingi, hushika thamani ya kwanza iliyokutana nayo. Kwenye Ubuntu mara nyingi kuna faili ya 50-cloud-init.conf inayosema PasswordAuthentication yes, na ukiandika amri yako katika faili ya 99 itapuuzwa kimyakimya huku wewe ukiamini kwamba nenosiri limezimwa. Kwa sababu hiyo usiiamini faili. Uliza programu yenyewe inachokiona:

sudo sshd -t
sudo sshd -T | grep -i passwordauthentication

Amri ya kwanza hukagua makosa ya uandishi, ya pili hukuonyesha hali halisi. Baada ya hapo toa sudo systemctl restart ssh, acha dirisha lako la sasa wazi, na ujaribu kuingia kutoka dirisha jingine. Kuhamisha SSH hadi mlango wa namba nyingine hupunguza kelele kwenye kumbukumbu lakini hakuongezi ulinzi wa maana. Ukiamua kuhamisha, fahamu kwamba katika 24.04 mlango hufunguliwa na ssh.socket, hivyo baada ya kubadilisha namba utahitaji sudo systemctl daemon-reload na sudo systemctl restart ssh.socket, bila kusahau kuongeza kanuni ya namba mpya kwenye ngome mapema.

Tahadhari kuhusu Docker

Sehemu hii isomwe na kila anayepanga kuweka programu za duka ndani ya Docker, ambayo huendesha kila programu ikiwa imetengwa katika kontena lake. Docker huandika kanuni zake yenyewe ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, na pakiti inayokwenda kwenye kontena hugeuziwa anwani mapema na kupita njia ya kusambaza badala ya njia ya kuingia, ambako ndiko kanuni zako za ufw zimekaa. Matokeo yake, ukianzisha kontena la hifadhidata kwa chaguo la -p 3306:3306, mlango huo hufunguka kwa kila mtu anayeweza kuifikia seva, hali ufw status ikiendelea kukuambia kwamba kila kitu kimekataliwa.

Dawa iliyo rahisi ni kufunga kontena kwenye anwani ya ndani, yaani kuandika -p 127.0.0.1:3306:3306, kisha kuweka mbele yake programu moja kama Nginx ambayo ndiyo itakayopita kwenye ngome kwa kanuni ya kawaida. Anayehitaji zaidi ya hapo aandike kanuni zake katika mnyororo wa DOCKER-USER, ambao Docker huupitia kabla ya kanuni zake. Mimi huanza na njia ya kwanza kila mara, kwa kuwa inaeleweka hata na fundi mgeni.

Kwa watumiaji wa Rocky na AlmaLinux

Hapa ngome ni firewalld, nayo huja ikiwa imewashwa. Hugawa mitandao katika kanda, na kadi mpya huwekwa katika kanda ya public ambayo tayari inaruhusu SSH na Cockpit, ukurasa wa usimamizi unaotumia mlango namba 9090. Kwa mfano wetu, mtandao wa wafanyakazi tunauweka katika kanda ya internal na kuwanyima wengine:

sudo firewall-cmd --permanent --zone=internal --add-source=192.168.10.0/24
sudo firewall-cmd --permanent --zone=internal --add-service=samba
sudo firewall-cmd --permanent --zone=public --remove-service=ssh
sudo firewall-cmd --permanent --zone=public --remove-service=cockpit
sudo firewall-cmd --reload

Bila --permanent kanuni hufa mashine ikizimwa, na ikiwa nayo haianzi kazi hadi --reload. Ufw na firewalld visiwashwe pamoja kwenye mashine moja.

Jaribu kutoka nje

Ngome haikaguliwi kutoka ndani ya seva. Chukua laptopu yenye nmap, programu ya kukagua milango ya mashine, iunganishe kwanza kwenye mtandao wa wafanyakazi, na utoe amri hii:

nmap -Pn -p- 192.168.10.5

Unapaswa kuona 22 na 445 zikiwa open na mingine yote filtered, maana yake ngome imezitupa pakiti bila kujibu. Neno closed lina maana tofauti: pakiti imefika na mashine imejibu kwamba hakuna huduma hapo, jambo linaloonyesha kwamba ngome haikuizuia. Kisha hamia Wi-Fi ya wateja na urudie. Hapo hata 22 na 445 hazipaswi kuonekana. Zikionekana, rudi kwenye ruta, kwa sababu huenda inabadilisha anwani za wateja zionekane kama zake, na kwa seva wote wanafanana na watu wa ndani. Kagua mashine zako tu. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya mwaka 2018 inaadhibu kuingilia mifumo ya wengine bila idhini.

Mwisho wa majaribio, washa mashine upya kwa sudo reboot na urudie yote. Stima ya Nairobi itakufanyia jaribio hilo wakati wowote, na ni heri ulifanye wewe kwanza ukiwapo.

Kusoma kumbukumbu

Ufw huandika pakiti ilizozikataa katika /var/log/ufw.log. Mstari mmoja, ukipunguzwa, huonekana hivi:

[UFW BLOCK] IN=enp3s0 OUT= SRC=192.168.20.37 DST=192.168.10.5 PROTO=TCP SPT=51544 DPT=445

SRC ni aliyebisha, DST ni seva yako, na DPT ni mlango alioutaka. Hapa mashine ya mtandao wa wateja imejaribu kufikia faili za kaunta. Mara moja inaweza kuwa kompyuta inayotafuta printa. Mara nyingi kwa mfululizo, tena ikigusa milango tofauti, ni mashine yenye virusi au mtu anayepekua, na inafaa umwendee aliyeketi hapo. Mlinde mteja pia, kwani huenda hajui flashi yake imebeba nini.

Ikitokea kwamba mtu ameingia na data binafsi za wateja zimefikiwa kiasi cha kuwaweka hatarini, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayezihifadhi data hizo, hapa mwenye duka, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipofahamu. Kumbukumbu za ngome ndizo zitakazokuwezesha kueleza kilichotokea, kwa hiyo zinakilishwe kila wiki kwenye diski nyingine isiyokaa dukani.

Hifadhi nakala ya kanuni pamoja na ile karatasi ya kwanza kwa sudo ufw status numbered > kanuni.txt, na mfanyakazi mwenye ufunguo wa SSH anapoacha kazi, futa mstari wake katika ~/.ssh/authorized_keys siku hiyohiyo, kabla hujamlipa mshahara wake wa mwisho.